Chardin, Mchoraji wa Vyungu na Sufuria

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za wamisionari, maaskofu na mashahidi wa imani. Safari hii twapenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa mmoja wao. Alikuwa muumini wa Kanisa la Roma, kama walivyokuwa karibu watu wote wa mji wake, na kwa miaka zaidi ya hamsini kazi yake kubwa ilikuwa kuchora sufuria, mitungi, vitunguu, samaki na matunda. Jina lake ni Jean-Siméon Chardin, Mfaransa. Tumemchagua kwa sababu vijana kadhaa wa mtaa wetu wametuuliza jinsi mtu anavyoweza kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta hata kitu kilichomo pichani kikaonekana kama kitu chenyewe. Sisi hatuoni jibu lililo bora kuliko kuwaonyesha jinsi huyu alivyojifunza.

Chardin alizaliwa Paris tarehe 2 Novemba 1699, akabatizwa katika kanisa la Saint-Sulpice. Baba yake alikuwa seremala hodari, mtengenezaji wa meza za mchezo wa biliadi, na hata mfalme alikuwa miongoni mwa wateja wake. Nyumba ilikuwa ya mafundi, si ya wasomi. Kijana hakupelekwa kusoma Kilatini wala vitabu vya wahenga wa Kirumi na Kiyunani, na upungufu huo alijutia mpaka uzeeni. Hakupenda randa na msumeno, alipenda rangi. Baba akakubali, akamweka kwa mchoraji mmoja aitwaye Pierre-Jacques Cazes ili afundishwe kazi.

Hapa yafaa tueleze jambo moja, maana bila hilo maisha yake hayaeleweki. Siku zile Ufaransa ilikuwa na Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, iliyoanzishwa mwaka 1648, nayo ilikuwa imeziweka picha katika madaraja. Daraja la juu kabisa lilikuwa la picha za historia, yaani visa vya Biblia na vya wafalme na miungu ya kale. Chini yake zilikuja picha za sura za watu, kisha za maisha ya kila siku, kisha za wanyama na nchi. Mkiani kabisa zilikaa picha za vitu vilivyotulia: bakuli, mkate, tunda, kikombe. Mchoraji wa historia aliheshimiwa kama mwenye elimu. Mchoraji wa kikombe alihesabiwa kuwa mtu mwenye mkono mwepesi tu, asiye na kichwa.

Kwa Cazes wanafunzi walijifunza kwa kunakili. Mwalimu alichora, nao wakaiga alichochora. Jioni Chardin alikwenda kuchora mfano wa mtu aliye hai, kama walivyofanya wote. Hiyo ndiyo ilikuwa njia, na wengi waliipita bila kuuliza neno. Baadaye akaenda kumsaidia mchoraji mwingine, Noël-Nicolas Coypel, na huko yasimuliwa kwamba alipewa kazi ndogo ya kuchora bunduki katika picha ya mwindaji. Kijana alidhani angeimaliza upesi. Kumbe mwalimu wake akaiweka bunduki kwa uangalifu mwingi, akahangaika ni wapi mwanga uiangukie. Chardin akastaajabu kuona mtu mkubwa akijisumbua hivyo kwa ajili ya bunduki. Hapo akaanza kufahamu kwamba kitu cha kawaida nacho kina ugumu wake, na kwamba mwanga juu ya chuma si sawa na mwanga juu ya mti.

Kisha ikaja habari ya sungura. Rafiki yake Cochin, aliyeandika maisha yake, ameisimulia. Chardin alipewa sungura aliyewindwa, akaona ni mzuri, akataka kumchora. Alipoketi mbele yake akatambua kwamba hajui pa kuanzia. Kuhesabu manyoya moja moja hakungefaa, maana picha ingekuwa kavu na ya kuchosha. Kuiga jinsi wachoraji wengine walivyochora sungura hakungefaa pia, maana asingekuwa amemchora sungura huyu. Akaamua kusahau kila sungura aliyewahi kumwona katika picha za watu. Akamweka mbali kidogo, umbali ambao macho hayaoni tena vitu vidogo vidogo, akatazama kwanza umbo lake lote, mviringo wake, mahali penye mwanga na mahali penye kivuli, na namna rangi moja inavyoingia katika nyingine. Hivyo ndivyo alivyomchora.

Sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu tunaujua ukweli wa kisa hiki. Weka mtungi wa maji juu ya meza mbele ya wanafunzi, uwaambie wauchore. Wengi watachora mtungi walioujua tangu darasa la pili: mdomo wake mviringo kamili kama sarafu, na kitako kimenyooka kama rula. Mtungi ulioko mezani hawajautazama. Mdomo wake, kwa mtu aliyeketi, ni mviringo uliobanwa kama yai, na kitako nacho kimepinda kidogo. Hawakosi mkono. Wanakosa macho, kwa sababu wanachokijua kimesimama mbele ya wanachokiona. Chardin alilitambua jambo hili akiwa bado kijana, bila kuambiwa na mwalimu wake.

Tuseme kidogo juu ya rangi zenyewe, maana wapo watakaopenda kujua. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Haikauki upesi kama rangi ya maji. Hukaa siku kadhaa. Kwa wenye pupa huo ni udhia, lakini kwa mwenye subira ni faida, kwa kuwa aweza kuilainisha rangi ikiwa bado mbichi, na ikisha kukauka aweza kupaka tabaka jingine juu yake, jepesi au zito, hata rangi ya chini ikachungulia kupitia ya juu. Kitambaa chenyewe hakiachwi kuwa cheupe. Hupakwa kwanza rangi ya hudhurungi au ya kijivu, kisha vivuli hutangulia na mwanga hufuata. Jambo la mwisho, ambalo wanaoanza hulisahau, ni kwamba hakuna kitu kinachokaa peke yake. Tunda jekundu likiwekwa karibu na kikombe cha fedha, ubavu wa kikombe huwa mwekundu. Watu wa zama za Chardin walistaajabia hasa jambo hili katika picha zake. Walisema ukizisogelea huoni ila mabaka ya rangi nzito yaliyorundikana, na ukirudi nyuma hatua chache vitu vyote huja mahali pake. Jinsi alivyofanya haikujulikana vizuri, maana hakupenda kutazamwa akiwa kazini. Ilisemekana kwamba alitumia kidole gumba sawa na burashi. Alikuwa mwenye kwenda polepole mno, na vyombo vyake vya mfano vilikuwa vichache: sufuria ya shaba, kinu na mchi, bilauri, kikombe cha fedha, mtungi. Vyombo hivyo twavikuta tena na tena katika picha za miaka mbalimbali.

Mwaka 1728, siku ya Sikukuu ya Mwili wa Kristo, wachoraji vijana walizitundika picha zao nje, katika uwanja wa Place Dauphine, kama ilivyokuwa desturi. Miongoni mwa picha za Chardin ilikuwamo ya samaki yule mpana wa baharini ambaye sisi twamwita taa. Samaki huyo ametundikwa kwenye kulabu, tumbo limepasuliwa, na chini ya kichwa chake mna kitu kama uso wa mtu unaotabasamu kwa uchungu. Kushoto, paka ameinua mgongo, anakanyaga chaza. Kulia kuna kisu ambacho mpini wake umetokeza nje ya meza, hata mtazamaji atamani kuukamata. Wakubwa wa Akademia walimwona, wakamshauri ajitokeze. Inasimuliwa kwamba alipozipanga picha zake katika chumba cha kwanza cha Akademia bila kusema ni za nani, mzee Nicolas de Largillierre alizidhania kuwa kazi za bingwa fulani wa nchi ya Flanders. Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo akapokewa kuwa mwanachama, lakini kwa cheo cha mchoraji wa wanyama na matunda. Mlango ulifunguliwa, naye akaketi karibu na mlango.

Ndoa yake yapasa kutajwa. Mapatano ya kumwoa Marguerite Saintard yalitiwa sahihi mwaka 1723, lakini harusi haikufanyika mpaka 1731. Katika miaka hiyo mali ya binti ilipungua na afya yake ikadhoofika. Yasemekana baba ya Chardin hakuitaka tena ndoa hiyo. Kijana alikuwa ametoa neno lake, akalitimiza. Wakapata mwana, Jean-Pierre, mwaka uleule wa 1731, na binti mwaka 1733. Mnamo Aprili 1735 Marguerite akafariki, na binti naye akafa angali mdogo. Chardin akabaki na mwanawe.

Katika miaka hiyo ndipo alipoanza kuchora watu. Wasimulizi wanatoa sababu ya kuchekesha kidogo. Rafiki yake Aved, mchoraji wa sura za watu, alikataa kumchora bibi mmoja kwa livri 400, akiona fedha hizo ni haba. Chardin akamwambia kwamba yeye angezipokea kwa furaha. Aved akamjibu kwamba sura ya mtu si rahisi kama kuchora soseji. Maneno hayo yalimchoma. Walakini hakwenda kuchora majemadari. Alichora mwanamke akichota maji katika pipa la shaba, mtumishi akirudi sokoni na mkate, mtoto akijenga nyumba ya karata. Na mwaka 1740 alipelekwa Versailles, akamtolea Mfalme Louis wa 15 picha mbili, moja ikiwa ile ya sala ya kabla ya chakula.

Picha hiyo twawaomba wenzetu wa Umoja wa Akina Mama waitafute waione, maana imechapwa mara nyingi. Mama anaandaa meza. Binti mkubwa ameketi, na mtoto mdogo kwenye kiti kifupi amekunja mikono, anatazama juu. Ngoma yake ya kuchezea imetundikwa nyuma ya kiti. Mama ameinama kidogo, anangoja sala imalizike kabla ya kupakua. Hakuna malaika, wala mwanga wa ajabu, ila ule wa chumbani. Bakuli na kitambaa cha meza vimechorwa kwa heshima ileile waliyopewa watoto. Sisi twaona kwamba mtu asiyekuwa amejifunza miaka kumi kwa sufuria asingeweza kuichora sala hiyo.

Mwaka 1744 alioa tena, mjane aitwaye Françoise-Marguerite Pouget, aliyekuwa na mali kidogo na akili nyingi ya hesabu. Akili hiyo ilihitajika, kwa kuwa mwaka 1755 Chardin alikabidhiwa hazina ya Akademia, akaikuta imevurugika. Walioshika vitabu vya fedha vya mtaa watamwonea huruma. Alikaa katika kazi hiyo mpaka 1774, mkewe akimsaidia kuandika, na hesabu zikanyoka. Mfalme alikuwa amempa malipo ya kila mwaka tangu 1752, na mwaka 1757 akampa makao katika jumba la Louvre.

Pamoja na hazina, alikuwa na kazi ya kupanga picha za wenzake ukutani wakati wa maonyesho makubwa. Kazi hiyo ni ya fitina, maana kila mtu ataka mahali pazuri. Mwandishi Denis Diderot, aliyezieleza picha za maonyesho hayo kwa miaka mingi, amesimulia jinsi Chardin alivyomsihi mwaka 1765 asiwe mkali kupita kiasi. Alimkumbusha safari ya mwanafunzi: kushikishwa kalamu akiwa na miaka saba au minane, kunakili macho na pua na masikio, kisha mikono na miguu, kisha sanamu, kisha mtu hai, miaka mingi kwa mwanga wa taa, machozi mengi, na mwishowe wengi wakiwa na miaka ishirini hawana kazi nyingine wanayoijua. Kwa hiyo hata picha mbaya kabisa ukutani imepita mahali ambapo maelfu walishindwa. Twawaombea watahini wote wayakumbuke hayo.

Tunafika sasa mahali pa huzuni. Mtu huyu, aliyeonyesha kwamba kikombe chastahili kutazamwa kama kilivyo, alikuwa na tumaini moja juu ya mwanawe: awe mchoraji wa historia, daraja lile la juu ambalo baba hakulifikia. Akamsomesha Kilatini alichokikosa yeye. Jean-Pierre alishinda zawadi kubwa ya Akademia mwaka 1754, akapelekwa Roma mwaka 1757. Huko hakusitawi. Alipokuwa akirudi mwaka 1762, meli za Waingereza zikamkamata karibu na Genoa, ingawa baadaye aliachiliwa. Mwaka 1767 akaenda Venice, na huko akafa maji. Wapo waliodhani alijitupa mwenyewe. Hatumhukumu mtoto, na baba hatuna haki ya kumhukumu kwa ukali. Lakini twaona kwamba alimtazama sungura kuliko alivyomtazama Jean-Pierre. Kwa sungura alisahau yote aliyoyajua. Kwa mwanawe hakusahau lile daraja.

Katika miaka iyo hiyo mkono wake ulikuwa umefikia ukamilifu. Kutoka miaka hiyo twapata kile kikapu cha stroberi cha mwaka 1761, rundo jekundu lenye umbo la kichuguu, kando yake bilauri ya maji, maua mawili meupe, pichi moja na cheri mbili, basi. Ipo pia picha ya bilauri ya maji, birika la kahawa na vitunguu saumu, ambayo sasa iko Pittsburgh, Marekani. Maji yale ukiyatazama waona yametulia.

Ndipo macho yakaanza kumsumbua. Watu walisema ni kwa sababu ya rangi na mafuta aliyoyavuta puani maisha yake yote, na hakika nyingine zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Akiwa na miaka 70 na zaidi akaziacha rangi za mafuta, akaanza upya kwa chaki za rangi, ufundi ambao hakuwa anajulikana kwao. Mwaka 1771 alionyesha sura yake mwenyewe, mzee mwenye kitambaa kichwani na miwani puani. Mwaka 1775 akajichora tena, mara hii amevaa kikinga mwanga cha kijani juu ya macho, akamchora na mkewe. Mwaka 1779 picha yake ya kijana mtumishi ilimpendeza Bi Victoire, shangazi wa mfalme, akamtuma mtu ampelekee kijaluba cha ugoro cha dhahabu. Tarehe 6 Desemba mwaka huohuo Chardin akafariki katika makao yake ya Louvre, akazikwa katika kanisa la Saint-Germain-l'Auxerrois lililo jirani.

Kwa miaka mingi baada ya hapo watu hawakumjali, na picha zake ziliuzwa kwa bei ndogo. Mganga mmoja wa Paris, Dakta Louis La Caze, alizinunua kadhaa, na alipofariki mwaka 1869 akaziachia Louvre. Wachoraji vijana wakaanza kuja na vitambaa vyao kuzinakili. Mmoja wao alikuwa Henri Matisse, aliyesimama mbele ya yule samaki taa akijaribu kujua alichorwaje. Na kile kikapu cha stroberi kilipouzwa kwa mnada mwaka 2022, bei ilipita euro milioni 24, hata ikaonekana kitatoka Ufaransa. Serikali ikakizuia kwa muda, wafadhili wakubwa wakatoa sehemu kubwa, na watu wapatao 10,000, kila mtu kwa uwezo wake, wakachangia pia. Mwaka 2024 kikaingia Louvre, jumba lilelile alimokaa mchoraji wake, na samaki taa yumo humo pia, paka bado amekanyaga chaza.